Theluji ambayo hakuna aliyeichapa

Mwalimu wa karate wa mtaani kwetu alikuja karakana na picha kwenye simu. Alitaka fulana 30 za klabu yake, nyeusi, picha ile ikae mgongoni. Mimi nachapa fulana kwa skrini, kwa hiyo picha ikiletwa mbele yangu jambo la kwanza nahesabu rangi. Bluu nyepesi, bluu iliyokolea, kijivu, njano, kahawia, nyeusi ya mistari. Na nyeupe. Nyeupe ilikuwa imetanda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa picha ya Kijapani ya theluji kando ya maji.

Nikamwambia nyeupe hiyo ndiyo itakayompandishia gharama. Kwenye fulana nyeusi nyeupe haichapwi mara moja ikatosha: unachapa, unakausha, unachapa tena, vinginevyo inatoka kijivu kama maji ya sabuni. Akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Sasa fundi, hao Wajapani wenyewe walitumia nyeupe gani?"

Nilimjibu kwa kubahatisha, jibu likawa si sahihi. Baadaye nikaenda kuisoma picha hiyo, na kila nilichokisoma kilinirudisha pale pale kwenye swali lake. Theluji ile haina rangi yoyote. Hakuna aliyeichapa.

Picha inaitwa Fukagawa Kiba, kazi ya mchoraji Utagawa Hiroshige, iliyochapwa kwa mbao zilizochongwa mwaka 1856, katika mfululizo wake wa Mandhari Mia Moja Mashuhuri ya Edo. Edo ndiyo Tokyo ya leo. Karatasi yake ni ya wima, urefu wa sentimita 36 hivi kwa upana wa 24, yaani imezidi A4 kidogo tu. Maji ya bluu yanapinda kuelekea juu, kingo zote zimefunikwa, na magogo na mbao vimeegeshwa huku na huku vikiinamia maji hadi jicho linalazimika kupita katikati yake. Wanaume wawili wamesimama juu ya magogo yanayoelea wakiyasukuma kwa pondo. Watoto wawili wa mbwa wako kwenye theluji, shomoro wawili wanaruka. Chini kabisa, karibu na pua ya mtazamaji, kuna mwamvuli wa njano uliokatwa na ukingo wa picha, na anayeubeba humwoni.

Nimesema kando ya maji kwa makusudi, maana wengi wanaouona mkondo ule hudhani ni mto. Ni mfereji, upande wa mashariki wa mto Sumida, karibu na unapomwaga maji yake baharini. Kiba maana yake ni mahali pa magogo, na ndivyo palivyokuwa. Edo ulikuwa mji wa mbao na karatasi, na mji wa namna hiyo unaungua. Moto wa mwaka 1657 peke yake uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na waliokufa wanakadiriwa kufikia 100,000. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, haikutaka milima ya mbao kavu ikae katikati ya nyumba, hivyo wafanyabiashara wa magogo walisukumwa ng'ambo ya Sumida, na mwanzoni mwa karne ya 18 wakatulia Kiba. Huko magogo yalihifadhiwa majini. Yalifika kwa maji, yakakaa majini yasipasuke kwa kukauka haraka, na waliokuwa wakiyapanga walitembea juu yake kama sisi tunavyotembea barazani.

Moto si habari ya mbali kwa aliyechora. Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 katika familia ya askari wa zimamoto wa Edo. Mwaka 1809 alifiwa na wazazi wote wawili, akarithi kazi ya baba yake akiwa bado mtoto, na aliishikilia kwa miaka mingi huku akijifunza kuchora. Mtu aliyekulia kwenye kambi ya zimamoto anapochora ghala la mbao limelowa, limefunikwa theluji, limezungukwa na maji, mimi naona kama anapumua.

Na kuna tetemeko. Tarehe 11 Novemba 1855 ardhi ya Edo ilitikisika usiku, maelfu wakafa, na Fukagawa, ambayo sehemu yake kubwa ni ardhi ya kufukia, iliumia vibaya. Wajapani wa wakati huo walikuwa na masimulizi kwamba tetemeko huletwa na kambare mkubwa anayejitikisa chini ya ardhi, na baada ya msiba huo mji ulijaa picha za kambare. Katika baadhi yake maseremala na wauza mbao wanamshukuru kambare, kwa sababu mji ukianguka wao ndio wanaopata kazi. Utani mchungu, lakini usio na uongo. Mfululizo wa Hiroshige ulianza miezi michache tu baadaye, mwanzoni mwa 1856, na wapo wanahistoria wa sanaa wanaousoma kama taarifa za mji unaoinuliwa upya. Ukiisoma hivyo, Kiba tulivu katika theluji si picha ya mapumziko. Yale magogo ni nyumba ambazo bado hazijajengwa.

Jambo moja dogo lilinichekesha. Kwenye karatasi kuna mihuri ya wakaguzi wa serikali, kwa sababu picha haikuruhusiwa kuuzwa bila kukaguliwa, na muhuri wa tarehe unasema mwaka wa joka, mwezi wa 8. Kwa kalenda yao ya zamani mwezi wa 8 wa mwaka ule ulianza karibu na mwisho wa Agosti. Kwa maneno mengine theluji hii ilipitishwa wakati joto la kiangazi cha Edo lilikuwa halijaisha vizuri, na fundi aliyeichonga huenda alikuwa akifuta jasho lisidondokee ubao.

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu. Kama shuleni uliwahi kukata kiazi mbatata katikati, ukachonga nyota kwenye uso wake, ukakichovya kwenye rangi na kugonga daftari, basi unaijua kanuni yote. Kilichobaki juu kinachapa. Ulichokichimba hakigusi karatasi, kwa hiyo kinabaki rangi ya karatasi. Theluji ya Kiba ni pale palipochimbwa. Unapoitazama unaitazama karatasi yenyewe, utupu uliozungukwa na kazi.

Lakini kiazi kina rangi moja. Picha hii ina rangi nyingi, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Kwanza, Hiroshige hakuchonga, wala hakuchapa. Kazi iligawanywa kwa watu wanne: mchapishaji aliyetoa fedha na wazo, mchoraji, mchongaji, na mchapaji. Wa kwanza ndiye aliyekuwa bosi. Kwa mfululizo huu aliitwa Uoya Eikichi, na kama unataka kumwona, utazame tena ule mwamvuli wa njano. Umeandikwa herufi moja kubwa ya Kijapani yenye maana ya samaki, inayosomeka "uo", mwanzo wa jina la duka lake. Tangazo la biashara limewekwa mbele kabisa ya picha, mahali ambapo huwezi kulikwepa. Wateja wangu wanaoomba jina la mfadhili likae katikati ya kifua nimewasamehe tangu siku niliyolijua hilo.

Mchoraji alitoa mchoro wa mistari mieusi tu kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliupaka ubao gundi, akaubandika mchoro ule kifudifudi juu yake, uso ukitazama mbao, kisha akausugua mgongo wa karatasi mpaka mistari ikaonekana kwa kupenya. Halafu akaanza kuchonga, karatasi na mbao pamoja. Hebu simama hapo kidogo. Mchoro wa Hiroshige kwa mkono wake, ule ambao soko la leo lingeulipia fedha za ajabu, uliishia kuwa vumbi na mabaki chini ya patasi. Ndivyo kazi ilivyofanyika kila mara. Kwa hiyo anayetafuta picha "halisi" ya Kiba, yaani ile aliyoichora Hiroshige, anatafuta kitu ambacho kilipotea kabla ya nakala ya kwanza kutoka. Picha ilizaliwa ikiwa nyingi.

Mbao zilikuwa za mcheri wa milimani, ngumu na wenye nyuzi za karibu karibu, na zilipasuliwa kwa urefu wa mti, ndiyo maana katika baadhi ya picha za namna hii nyuzi za mti huonekana angani kama upepo mwepesi. Ubao huu wa kwanza nauita ubao mama. Mchapaji alitoa nakala kadhaa za mistari mieusi kutoka kwake, mchoraji akazitia alama: hapa bluu, hapa kijivu, hapa njano. Kila nakala iliyotiwa alama ikarudi kwa mchongaji, ikabandikwa kwenye ubao mwingine, na rangi ikapata ubao wake. Uchapaji huu wa rangi nyingi ulishika kasi Edo mwaka 1765, katika picha za Suzuki Harunobu, hivyo kufikia wakati wa Kiba mafundi walikuwa na karibu miaka 90 ya mazoea.

Fikiria sasa theluji inayoanguka. Theluji iliyolala ukingoni ni rahisi, unaacha tu eneo lote bila kulichapa. Ila angani, na juu ya maji, kuna vidoti vyeupe vilivyotawanyika, na kila kidoti ni karatasi iliyoachwa wazi katikati ya rangi. Ubao wa kijivu cha anga lazima uwe na kishimo pale. Ubao wa bluu ya maji vilevile. Kidoti kikikaa mahali ambapo rangi mbili zimepandana, mbao zote mbili lazima zichimbwe mahali pale pale hasa, kwa sababu ukikosea kwenye mmoja, chembe ya theluji inageuka kuwa doa la bluu. Mimi kwenye skrini nafanya kazi hiyo kwa kompyuta na bado huwa naipata vibaya. Wao waliifanya kwa patasi, wakipima kwa jicho.

Ipo njia ya mkato, na mafundi wa Kijapani waliijua. Walikuwa na unga mweupe wa magamba ya chaza, unaoitwa gofun, na wakati mwingine waliuchanganya na maji wakaurushia kwenye picha iliyokwisha chapwa ili uanguke kama theluji. Matokeo hupendeza, kila nakala inapata theluji ya kwake. Njia ya kuchimba ni kinyume chake, theluji inaanguka mahali pale pale katika kila karatasi, mpaka leo.

Wangeweza pia kuchapa bila wino, ubao mkavu ukisukumwa kwa nguvu mpaka karatasi inavimba, na mkunjo wa theluji unausikia kwa kidole kabla hujauona. Hiyo ilikuwa anasa ya picha za bei kubwa. Picha za kawaida za Hiroshige ziliuzwa kwa bei inayokadiriwa kuwa ya bakuli moja la tambi za soba, na kwa bei ya bakuli la tambi unategemea zaidi utupu.

Utupu unahitaji karatasi nzuri. Karatasi yao ilitengenezwa kwa nyuzi za gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Ilipakwa mchanganyiko wa gundi ya wanyama na shabu ili rangi ya maji isisambae ovyo, kisha ikalowanishwa kidogo kabla ya kuchapwa. Haikuwa nyeupe ya kung'aa kama karatasi ya fotokopi, ilikuwa na rangi ya krimu kidogo. Hii ina maana kwamba theluji ya Kiba ilikuwa ya joto kidogo tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa theluji ni karatasi, theluji inazeeka kama karatasi. Ikikaa kwenye unyevu inaota madoa ya kahawia, ikibandikwa kwenye kadibodi mbaya inageuka njano. Watunzaji wa makumbusho wanapozungumza juu ya kuhifadhi karatasi, kwa picha hii wanazungumza juu ya hali ya hewa.

Kwa nini basi tunaiona baridi? Jibu liko kwenye bluu. Rangi iliyobadilisha maji na mbingu za picha za Kijapani haikutoka Japani, ilibuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na mabaharia Waholanzi na wafanyabiashara wa Kichina wakaipeleka Nagasaki. Wajapani wakaiita bero, kwa jina la mji ule. Kabla yake walikuwa na nili, ambayo ni nzuri lakini si kali, na bluu ya maua inayopauka haraka ikipata mwanga. Karibu na mwaka 1830 bei ya bero ilishuka, wachapishaji wakaigombania, na mchoraji mwingine, Hokusai, akaitumia katika picha zake za Mlima Fuji. Ni bluu iliyokolea, haipauki kirahisi, na mchapaji anaweza kuifanya ififie kutoka giza hadi karibu na hakuna. Weka bluu hiyo kando ya karatasi tupu yenye rangi ya krimu, na jicho litaapa kwamba karatasi ni nyeupe kuliko ilivyo. Sisi wachapaji tunaijua hila hiyo. Ukitaka njano ing'ae, usiongeze njano, badilisha jirani yake.

Kule kufifia kwa rangi ndiko kulikompa mchapaji heshima yake. Ubao wenyewe ni tambarare, haujui kufifisha. Mchapaji aliupangusa kwa kitambaa kibichi sehemu moja, akapaka rangi upande mmoja wa brashi, akaisambaza mpaka inakufa polepole kuelekea kwenye unyevu. Kisha akaweka karatasi na kuisugua mgongoni kwa baren, kisahani cha kamba ya magome ya mianzi iliyozungushwa kama mkeka wa mviringo na kufungwa ndani ya jani la mwanzi. Anapochapa anga ile iliyokoza giza juu na kupauka chini, hana kipimo kingine zaidi ya mkono. Nakala ya kwanza na ya 50 si pacha, ni ndugu.

Na karatasi ilikaaje mahali pale pale kwenye kila ubao? Kwa alama mbili tu zilizochongwa kwenye ubao mama na kurudiwa kwenye mbao zote: moja kwenye pembe, yenye umbo la kona, nyingine kwenye ukingo, mstari mnyoofu. Zinaitwa kento. Unaipachika kona ya karatasi kwenye kona, unaulaza ukingo kwenye mstari, basi. Karatasi ikiwa imekauka kuliko ilivyopaswa, inasinyaa kwa kiasi kidogo sana, na rangi zinaanza kupishana. Ukiona picha ya zamani yenye uzi mwembamba mweupe kati ya bluu na mstari mweusi, hiyo si theluji, ni siku ambayo unyevu wa karatasi haukuwa sawa.

Hapo tunafika kwenye fundo ambalo watu wengi hujikwaa nalo wanapotaka kununua picha kama hizi mtandaoni: ipi ni halisi na ipi ni nakala? Kwa mchoro wa mafuta swali ni rahisi. Hapa maneno yenyewe yanateleza, kwa sababu kila karatasi ni nakala, na kila karatasi inaweza kuwa halisi.

Karatasi iliyochapwa mwaka 1856 kwa mbao za mwanzo, chini ya usimamizi wa mchapishaji wa kwanza, ndiyo inayotafutwa zaidi, na ndani ya kundi hilo zilizotangulia zina thamani kuliko zilizofuata. Mbao huchakaa. Mistari myembamba inavunjika, kingo zinakuwa butu, na picha ikipata wateja wengi mchapaji anapunguza kazi: anga iliyofifishwa kwa uangalifu inakuwa mstari wa giza wa haraka haraka, na mfifisho mwingine unaachwa kabisa. Hizi bado ni za mbao zile zile, ila zimechoka. Mbao nazo zilikuwa mali ya mchapishaji, si ya mchoraji, na angeweza kuendelea kuzichapisha hata baada ya mchoraji kuzikwa. Hiroshige alikufa Oktoba 1858, wakati kipindupindu kikiisumbua Edo, mfululizo ukiwa unakaribia kwisha, na biashara haikusimama.

Aina ya pili inawachanganya watu zaidi. Unachukua karatasi ya zamani, unachonga mbao mpya kabisa ukiifuata mstari kwa mstari, unachapa kwa mkono kwa njia ile ile. Tokyo bado kuna karakana ya Adachi inayofanya hivyo, kwa mbao za mcheri na karatasi ya kozo. Je, ni feki? Ikiuzwa kama kazi mpya, siwezi kuiita hivyo. Mtu amekaa na patasi akachimba kila chembe ya theluji upya, na kusema kweli rangi zake huenda ziko karibu zaidi na alizoziona mnunuzi wa 1856 kuliko karatasi kuukuu iliyopigwa na jua. Ikiuzwa kama ya 1856, hapo ni wizi, na patasi haina kosa.

Ya tatu ni picha ya picha: bango la mashine. Hii unaigundua kwa lenzi ya kuhesabia nyuzi, kile kioo kidogo tunachotumia kwenye vitambaa. Ukiona vitone vya rangi vilivyopangwa kama chuchu za fenesi, ni mashine. Rangi ya ubao inaonekana bapa, imezama ndani ya nyuzi. Igeuze karatasi: ya mkono, rangi imepenya mpaka mgongoni, na mara nyingi unaona mikwaruzo ya mviringo ya baren. Bango la mashine mgongoni ni jeupe, kimya. Na kwenye bango la mashine theluji mara nyingi imechapwa. Mashine imeinakili hata ile njano ya karatasi iliyozeeka, ikaipaka kama rangi. Yaani sehemu pekee ambayo mafundi wanne hawakuigusa, yenyewe imeigusa.

Naongeza kitu pembeni, kwa kuwa wengi wetu tunaizungumzia Japani kama nchi ya magari na pikipiki tu. Katika karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa kwenye pwani yetu zilichapwa Japani, kwa oda za wafanyabiashara wa huku, maneno ya Kiswahili yakiwekwa na mafundi ambao Kiswahili hawakukijua. Bibi aliyejifunga kanga ya aina hiyo Mombasa alikuwa amevaa kazi ya watu wenye urithi huu huu wa kupanga rangi juu ya rangi bila kupishana. Mbao zilikuwa zimeachwa zamani kwa kazi hiyo, ila tatizo la kupachika rangi mahali pake halikubadilika.

Kama unataka kuitazama Kiba kwa karibu bila kununua chochote, Brooklyn Museum ya New York ina mfululizo huo na imeweka picha zake wazi kwenye intaneti. Ikuze hadi mwisho. Tazama mahali ambapo theluji ya ukingoni inakutana na maji. Utagundua hakuna mstari mweusi kila mahali, sehemu nyingine bluu inakoma tu, na ukingo wa theluji unatokana na mahali ambapo bluu ilikatazwa kupita. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, aliyenakili picha mbili za mfululizo huu kwa rangi za mafuta mwaka 1887, alikutana na tatizo lililo kinyume: turubai yake haikuweza kuachwa tupu kirahisi, kila kitu alilazimika kukipaka.

Mwalimu wa karate aliporudi nilimweleza haya yote, pengine kwa urefu kuliko alivyohitaji. Nikamshauri achukue fulana nyeupe. Tungeokoa skrini moja, na theluji ingekuwa kitambaa chenyewe, kama Hiroshige alivyotaka. Alinisikiliza kwa adabu, akapokea simu, akarudi. "Nimekuelewa fundi," akasema, "lakini vijana wanataka nyeusi."

Tukachapa nyeusi. Nyeupe mara mbili, kila fulana. Bluu ilikauka, njano ya mwamvuli ikakauka, mpaka saa tatu usiku theluji ilikuwa bado mbichi.